Bado Mmoja

Siku ya kwanza Spika alijibiwa na mahali patupu, naye akacheka. Huo ulikuwa ujinga wake wa kwanza, na mwingine nitakuonyesha tukiufikia.

Ilikuwa asubuhi, geti la bustani ya bembea halijafunguliwa, bahari imetulia nyuma ya ukuta, na yeye yuko peke yake chini ya gurudumu kubwa la kupandisha watu akijaribu mashine ya sauti kwa ajili ya mkutano wa jioni. Akapuliza kwenye maikrofoni, akaigonga kwa kidole, akasema bila nia yoyote, kama mtu anavyosafisha koo, "Nani anatoka?" Na kule chini ya gurudumu, penye grisi na kutu na vivuli vya vyuma, sauti moja ikamwitikia, si ya mtoto, si ya mtu mzima, ya adabu kabisa.

"Hatoki mtu."

Alidhani fundi mitambo anamfanyia masihara. Akainama, akachungulia. Hapakuwa na fundi wala paka. Palikuwa na harufu tu, harufu ya sukari inayoungua, ilhali mashine ya pamba ya sukari ilikufa zamani, binti yake akiwa bado anaota meno. Spika akatikisa kichwa, akajiambia kwamba kampeni ya kuitetea bustani imemchosha mpaka masikio, akazima mashine, akaenda kunywa chai.

Sasa lazima umjue mtu huyu. Jina la Spika alipewa kwa ajili ya koo lake, maana Mungu alimnyima urefu, akamnyima na sura, halafu kama aliyemhurumia mwishoni akampa sauti ya watu wanne. Alikuwa mpiga debe wa gurudumu. Alisimama kwenye ngazi ya chuma, mkono mmoja kiunoni, na tangu asubuhi mpaka taa zinawashwa alikuwa na wimbo mmoja: "Bado mmoja! Bado mmoja tunaondoka!" Gurudumu likiwa tupu, viti vyote vinapigwa na upepo, bado mmoja. Likiwa limejaa mpaka watu wamepakatana, bado mmoja. Wateja walijua ni uongo, na walikimbia vilevile, viatu mkononi. Mkewe, aliyekata tiketi kwenye kibanda pale pembeni, alipenda kusema kwamba hata yeye aliposwa kwa uongo huohuo: akaambiwa aharakishe, na alipofika akakuta foleni yenyewe haikuwepo.

Waliishi humohumo bustanini, chumba na sebule nyuma ya gurudumu, ukuta mmoja wa nyumba ukiwa ndio ukuta wa bahari, chumvi mpaka kwenye mashuka. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, binti, naye alikuwa amechaguliwa kwenda kusomea uuguzi mji mwingine. Spika hakuweza kukaa na mtu kwenye benchi bila kumpa habari hiyo, akamaliza, akampa tena. Alikuwa na mambo mawili duniani: bustani isivunjwe, na binti aende akasome. Hakuwahi kufikiri kwamba mambo hayo mawili yanaweza kugombana.

Bustani ilikuwa ivunjwe kwa sababu tajiri mwenye bustani alikufa, na mwanawe, ambaye alipanda gurudumu mara moja akiwa mdogo akatapika, alipatana na watu wa kujenga hoteli. Wafanyakazi wakagoma kuhama. Muuza maputo, mtu mwenye njaa ya cheo tangu kuzaliwa, akajiteua katibu wa kampeni. Wakaja wazazi na watoto wao, wakaja wanandoa waliochumbiana kule juu kwenye viti, kila jioni watu wanazidi. Na wimbo wa kampeni aliutunga Spika. Yeye anauliza, nani anatoka? Umati unajibu, hatoki mtu! Ulikuwa mtamu hasa, unausikia hadi kifuani. Muuza maputo aliupenda hata akamrekodi Spika kwenye kispika chake kidogo cha mkononi, kile cha betri wanachotembea nacho wauza sumu ya panya, ili siku koo la mkuu likikauka kazi isilale.

Basi likaja tingatinga.

Dereva wake alikuwa mtu mpole, mnene, mwenye taulo shingoni. Alipoona kina mama wamelala mbele ya sepeto lake na watoto wao vifuani, alizima injini, akashuka, akasema jamani mimi nimetumwa tu, akaanza kurudi getini akampigie bosi wake simu. Angetoka, mambo yangeishia hapo. Lakini Spika aliona mgongo wa adui unaondoka, na mpiga debe hawezi kuona mgongo wa mtu akanyamaza. Akaiinua maikrofoni. Nani anatoka? Umati ukapasuka kwa kujibu, ila wale waliosimama karibu na gurudumu walisema baadaye kwamba kulikuwa na sauti moja iliyowatangulia wote.

Dereva alisimama hatua moja kabla ya geti. Akageuka kushoto, akafuata uzio mpaka ukutani mwa bahari, akarudi. Akasimama tena mbele ya geti, geti liko wazi, barabara inaonekana, magari yanapita, naye anapapasa hewa kama mtu anayetafuta swichi ya taa kwenye nyumba ya watu.

"Samahani," akamwambia mama mmoja, "mlango uko wapi?"

Watu walivunjika mbavu. Kuna waliokaa chini kabisa kwa kucheka.

Hakutoka siku hiyo, wala kesho yake. Kampeni ikatangaza kwamba dereva ameasi, amejiunga na wananchi, wakamvika kofia ya kampeni na kupiga naye picha. Yeye alitabasamu tu. Nguo zake zilikuwa mbichi saa zote, kama zimeanuliwa kabla ya kukauka, na akikusogelea unasikia sukari inaungua mdomoni mwake. Wiki haijaisha alikuwa amepanda kiti kimoja cha gurudumu na kukataa kushuka. Na akiwa amekaa pale pale kwenye kiti, alimuuliza kila apitaye chini, bila kuchoka, "Zamu yangu bado?"

Mke wa dereva alikuja kila siku mchana na bakuli la chakula, mtoto mgongoni, akasimama nje ya geti akiogopa ule umati. Akaita, baba watoto, baba watoto, tazama huku. Dereva alimtazama kama unavyotazama kioo cha dirisha, yaani alitazama kilichokuwa nyuma yake. Vijana wa kampeni wakamfanya yule mama kichekesho, wakawa wanamwigiza sauti. Binti wa Spika ndiye aliyemwonea huruma, akawa anapokea bakuli na kulipeleka. Siku moja alilirudisha nyumbani badala ya kulirudisha getini, akalifunua mbele ya baba yake. Ndani, juu ya wali ambao haukuguswa, yalikuwamo magego mawili, meusi, yameoza kama ya mtu aliyelelewa kwa peremende.

"Anayatema mwenyewe," binti akasema. "Anacheka, halafu anatema."

Spika akalifunika bakuli. Akasema watu wazima hung'oka meno. Akasema na chai iko wapi. 

Usimtetee, tafadhali. Kwa dereva hakujua, sawa. Kwa mpimaji alijua.

Mpimaji wa ardhi alikuja na vijana wake na vigingi vyekundu, akapigilia kimoja sebuleni mwa kina Spika, katikati ya mkeka, bila kuvua viatu. Akamwambia mke wa Spika kwamba pale penye kibanda chake patakuwa choo. Akacheka peke yake, akakunja karatasi zake, akaanza kuondoka. Spika alikuwa ngazini. Aliutazama ule mgongo ukienda. Alikumbuka magego. Kisha akaisogeza maikrofoni mdomoni na kusema taratibu, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto alale, "Nani anatoka?" Na watu hawakuwa wengi siku hiyo, wala hawakuwa tayari, kwa hiyo safari hii kila mmoja aliisikia ile sauti nyingine ikijibu peke yake, kutoka chini ya vyuma, kwa furaha.

Mpimaji hakuomba samahani kama dereva. Alipiga kelele. Alikimbia kufuata uzio akirudi pale pale, akirudi pale pale, vijana wake wakimwita kutoka ng'ambo ya geti, umbali wa kunyoosha mkono, na mmoja wao alipojaribu kumshika shati alikuta ni maji matupu yanamchuruzika vidoleni. Vijana wakatupa vigingi, wakakimbia. Jioni mpimaji naye alikuwa kitini, nyuma ya dereva, ametulia, anauliza zamu yake. Na gurudumu likawa linazunguka pole pole wakati umeme umekatika mtaa mzima. Fundi mitambo akasema ni upepo. Bendera za kampeni zilikuwa zimelala kwenye milingoti yao.

"Baba," binti alimuuliza usiku huo wakila, "unawafanya nini wale watu?"

"Mimi nawaita tu," Spika akajibu. "Asiyetaka kukaa si aondoke."

Binti alisukuma sahani yake. Na sasa ukumbuke kwamba Spika alikuwa mtu wa mazoea. Ulimi wake ulikuwa umeshazoea maneno yale kama mguu unavyozoea ngazi za nyumbani, na ulimi haukumbuki nani ni adui na nani ni mtoto wako. Siku ya binti kwenda mjini kununua sanduku la safari, Spika alikuwa ngazini akiwachangamsha watu wachache wa alasiri, akamwona anapita na mkoba wake mdogo, akamwinulia mkono wa kwaheri, na papo hapo, moyo wake ukiwa umejaa mapenzi tu na si kingine, mdomo ukasema nani, ukasema ana, akaung'ata ulimi mpaka damu ikatoka, lakini kule chini ya gurudumu kitu kilikuwa kimeshavuta pumzi ya kujibu, na harufu ya sukari ikamjaa kooni, na kwa mbali akaona mguu wa binti umenyanyuka juu ya mstari wa geti na umebaki vilevile, haushuki, haurudi, huku magari yakipita na watu wakimkwepa mtoto wake kama nguzo.

Alimfikia akiwa hana pumzi, akamvuta mikononi mwake. Binti alikuwa wa baridi. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akacheka kidogo kwa aibu.

"Baba, hivi nilikuwa nakwenda wapi?"

Nywele zake zilinuka sukari iliyoungua. Spika alimrudisha nyumbani akimshika mkono kama mtoto wa chekechea, na mkewe akafunga mlango na kumwambia, kwa sauti ndogo ambayo hajawahi kuitumia tangu waoane, kwamba kama hatamleta mganga leo, basi kesho atamletea yeye polisi.

Mganga alikuja saa saba mchana, jua la utosi, amepanda pikipiki yake mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa makamo, kavu, amevaa buti za mvua, na alionekana ana mahali pengine pa kwenda. Hakuuliza jambo lolote kwa mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo ya gurudumu, akaweka sikio, akasikiliza kwa muda mrefu kama anayesikiliza mlango wa jirani. Dereva na mpimaji walimchungulia kutoka vitini kwao. Hakuwatazama.

"Huyu hakutumwa na mtu," akasema alipomaliza. "Ameitwa. Wewe hapa miaka yote unasema nini?"

"Nasema bado mmoja."

"Huyo mmoja ni nani?"

Spika akababaika. Akasema si mtu, ni maneno ya kazi tu, hata wateja wenyewe wanajua, ni lugha ya biashara.

"Yeye hajui biashara," mganga akasema. "Majini hawana utani. Ulisema kuna nafasi ya mmoja, kila siku, miaka yote, na kwa sauti kama hiyo. Akaja. Akakaa. Halafu ukamwambia hatoki mtu. Sasa analinda neno lako. Anayetoka huku unaita, anamrudisha."

Spika alikaa chini pale pale kwenye grisi. Katika maisha yake yote ya kusema, jini lile ndilo lilikuwa la kwanza kumwamini. Mkewe akauliza wale wawili watarudi lini kwao. Mganga akajibu kwamba waliokwisha kukalishwa ni wake, hawarudi, na hilo wasimpotezee muda. Anachoweza ni kumzuia asichukue wengine. Spika, shujaa huyu wa kampeni, mtetezi wa wananchi, hakuuliza tena habari za dereva. Aliuliza habari ya binti yake tu.

"Ameshikwa na sauti yako," mganga akasema. "Nitaitoa. Itatoka yote, hutabaki nayo hata ya kuombea maji. Iko pengine popote? Ulikoiacha, uliyempa, niambie sasa. Ikibaki hata punje, jini atabaki nayo."

Hapa ndipo penye ule ujinga mwingine. Spika alikumbuka kispika cha muuza maputo, alikikumbuka saa ile ile, kijani, kimefungwa kwa utepe kwenye mpini. Akafikiria mkutano mkubwa wa wiki inayokuja, na yeye amesimama pale bubu, na kampeni inakufa mikononi mwake, na kigingi chekundu kinarudi kwenye mkeka. Akafikiria pia, na hili sikufichi, kwamba sauti ile ndiyo kitu pekee kizuri alichowahi kupewa, na kwamba hakuna ubaya ikibaki kidogo mahali, kama picha ya marehemu. Akamtazama mganga usoni.

"Hakuna pengine," akasema.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho ya maana. Mganga alimwambia mpiga debe alete debe. Likaletwa, la mafuta, tupu. Akamwamuru aweke mdomo wake kwenye tundu na aite kila alichowahi kuita, bado mmoja na nani anatoka na tunaondoka, akaita, akaita, mishipa ya shingo imesimama, na kila neno liliingia debeni bila mwangwi wowote, na chini ya gurudumu kitu kikaanza kulia kwa sauti yake yeye Spika, kikilia kama mtoto anayenyang'anywa, na viti vikagongana, na ile harufu ikawa nzito hata mkewe akatapika kibandani, na mwishowe Spika akawa anapanua mdomo na kinachotoka ni pumzi tupu. Mganga akalifunga debe kwa nta na kamba, akapanda ukutani, akalitupa baharini. Likazama kama limejaa mawe. Akawasha pikipiki yake, akaenda zake.

Na kweli pakatulia. Harufu iliondoka. Gurudumu lilisimama umeme ulipokatika, kama inavyotakiwa. Dereva na mpimaji walibaki vitini, lakini watu walikuwa wameshawazoea, wanawapandia kiti cha pembeni bila kuwatazama. Binti alitoka kwenda mjini, akanunua sanduku lake, akarudi, akatoka tena, akarudi, na kila safari Spika alisimama dirishani akihesabu pumzi zake mwenyewe mpaka amwone. Alikusudia kumwendea muuza maputo amwandikie kwenye karatasi afute ile sauti. Leo akasema kesho. Jinsi palivyotulia, kesho nayo akasema kesho.

Halafu Tajiri Mdogo, yule mwana wa marehemu, akasalimu amri. Watu wa hoteli walimkimbia. Hakuna dereva aliyekubali kupeleka mashine pale, hakuna mpimaji aliyetaka kusikia. Akatuma ujumbe kwamba bustani itabaki bustani. Habari zilifika asubuhi ile ile ambayo binti alikuwa anasafiri.

Bustani ilifurika. Watu walikuwa wanalia kwa furaha, wanakumbatiana na wasiowajua. Binti alipiga magoti mbele ya baba yake mlangoni pa nyumba, sanduku liko pembeni. Alikuwa akiamini baba yake amepoteza sauti kwa ajili yake, na katika hilo hakukosea sana.

"Baba, nikija likizo nataka nikute sauti imerudi," akamwambia. "Nimeshazoea kuamshwa nayo."

Spika alimshika kichwa kwa mikono miwili. Alitaka kumsindikiza mpaka garini, lakini umati ukamwona, ukapiga yowe, ukamnyakua. Wakambeba juu juu, mabegani, kama bwana harusi. Binti akacheka, akampungia mkono, akabeba sanduku lake kichwani na kuanza kujipenyeza kuelekea getini, mama yake akimfuata nyuma na mkoba.

Kwa hiyo Spika alikuwa juu ya watu wote, na kutoka kule juu aliona kila kitu. Aliona sanduku la binti likielea juu ya vichwa kuelekea getini. Na upande wa pili, kwenye ile ngazi yake ya chuma, aliona muuza maputo amepanda, amevaa tai, uso unang'aa, na mkononi ana kitu cha kijani kilichofungwa utepe. Muuza maputo alisema ana zawadi. Alisema ushindi gani huu bila sauti ya mwenye ushindi. Spika alipanua mdomo, ikatoka pumzi, akapiga mabega ya waliombeba, akawavuta nywele, akarusha miguu na mikono kama anayezama, na wao wakasema mwone mzee anavyocheza leo, wakamrusha hewani, wakamdaka, wakamrusha tena, na kila aliporushwa aliliona sanduku liko karibu zaidi na geti, na alikuwa anasema kimbia, anasema kimbia mwanangu, midomo yake inasema hivyo kabisa, ungeweza kuisoma, na hakuna aliyeisoma, na kile kidude kikakwaruza, kikakohoa, kikasema kwa sauti yake nzuri, ya watu wanne, iliyoipita bustani nzima na kuvuka ukuta:

"Nani anatoka?"

Umati ulijibu kwa nguvu zake zote. Lakini walikuwa wamechelewa kidogo, wote, maana wa kwanza alikuwa ameshajibu.

Binti aliisikia sauti ya baba yake. Akageuka palepale kwenye mstari wa geti, uso wote umechanua kwa furaha, atafute anayesema. Sanduku likaanguka kutoka kichwani. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Mama," akasema, "mlango uko wapi?"

Mganga alipofuatwa hakushuka hata kwenye pikipiki. Alimuuliza Spika swali moja, kama alikijua kile kidude siku ile, na Spika akaitikia kwa kichwa, naye akageuza pikipiki yake. Mke wa Spika alikuwa amesimama hapo hapo, akaona kile kichwa kinavyoitikia. Tangu siku hiyo naye hakusema tena na mumewe. Mume hana sauti na mke anayo, na nyumba yao ilikuwa kimya sawasawa.

Kispika cha kijani Spika alikiponda kwa nyundo mpaka kikawa unga. Haikusaidia chochote. Sauti yake sasa inatoka kwenye gurudumu lenyewe, kwenye vyuma, umeme uwepo usiwepo, na wateja wanaipenda. Bustani haijawahi kujaa kama sasa. Spika ndiye pekee anayefanya kampeni siku hizi. Anasimama getini na ubao alioandika kwa mkono wake, VUNJENI, na watu wanampigapiga begani wakidhani ni ucheshi wa mzee aliyeshinda. Alikwenda mpaka kwa Tajiri Mdogo na ubao wake, akapiga magoti. Tajiri Mdogo akamwambia pole, mzee wangu, kwa wateja hawa nivunje nina wazimu?

Yeye mwenyewe anaingia na kutoka apendavyo. Hajazuiwa hata siku moja.

Jioni moja alikata tiketi kibandani kwa mkewe, ambaye alimpa bila kuinua macho, akangoja watu wapungue, akapanda. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa tupu, kinachofuata kile cha binti yake. Nguo za binti zilikuwa mbichi. Mfuko wa gauni lake ulikuwa umevimba kidogo upande mmoja, na alipotikisika ulilia kama kokoto. Spika akafunga mkanda, akashika chuma kwa mikono miwili, akafumba macho na kungoja achukuliwe.

Gurudumu likasimama. Halikusogea kabisa, na watu wa juu wakaanza kunung'unika. Kutoka kwenye vyuma chini ya miguu yake, sauti yake mwenyewe ikaita, bado mmoja, bado mmoja tunaondoka, ikaita na kuita, na yeye amekaa pale, amekaa kwenye kiti. Alinyoosha mkono akamgusa binti bega. Binti akageuka. Alimtazama kwa heshima, kama msichana aliyelelewa vizuri anavyomtazama mtu mzima asiyemjua.

"Shikamoo, mzee," akasema, na pengo lilionekana. "Samahani, tunaomba ushuke. Unatuchelewesha."

Baba yake akafungua mkanda, akashuka.